Mrashi wa Mawaridi na Joto la Kaskazi

Upepo ule ule wa kaskazi ambao kwa miezi ya Desemba hadi Machi huushushia mwambao wetu joto kali, ndio uliokuwa ukiwaletea watu wa mwambao burudisho la joto hilo. Maana majahazi ya Maskati na Sur, ya Basra na ya bandari za Uajemi, yaliyokuwa yakitweka matanga kuelekea kusini mara upepo huo ukishika njia yake, yalipakia tende na papa, chumvi na mazulia, na pamoja na bidhaa hizo nzito, ndani ya chupa kubwa za kioo zilizowekwa mahali pakavu mbali na maji ya ngama, yalipakia pia marashi ya mawaridi. Nahodha hakukusudia hisani katika jambo hili. Yeye alifuata upepo na faida, na lau upepo ungalikuja na baridi angalileta mablanketi. Lakini ilivyotokea ni kwamba kwa karne nyingi za biashara ya Bahari ya Hindi, msimu wa jasho na msimu wa marashi iliingia bandarini pamoja, na juu ya sadfa hiyo watu wakajenga mila ambayo haijavunjika.

Mila hiyo ina sharti moja lisiloandikwa popote, nalo ni kuwa marashi ya mawaridi, barazani mbele ya watu, mtu hajitii mwenyewe bali hutiwa na mwenziwe. Mafuta mtu hujipaka, wanja hujitia mbele ya kioo chake, na nguo zake huzifukiza udi chumbani mlango ukiwa umefungwa. Lakini marashi yalikuwa mkononi mwa mwenye nyumba, na kiganja kilichokingwa kilikuwa cha mgeni. Kwa hiyo mwenye kutaka kuijua historia ya manukato mepesi ya wakati wa joto hana budi kutazama, pamoja na kilichomo ndani ya chombo, ni nani aliyekishika.

Ilijulikana tangu zamani kwamba manukato yana tabaka. Udi, ambari, miski na zabadi ni mazito: hung'ang'ania kanzu siku kadhaa, na joto likizidi huzidi nayo, hata mtu aliyejipaka miski kwa pupa mchana wa Januari huwaudhi jirani zake wa safu moja msikitini kabla imamu hajahirimia. Marashi ya mawaridi ni kinyume cha hayo. Ni maji yaliyobeba ile sehemu ya waridi ikubaliyo kuchanganyika na maji. Yakiigusa ngozi yenye moto hugeuka mvuke, na kila tone ligeukalo mvuke huondoka na kiasi cha joto la mwili, hata mtu huhisi ubaridi na harufu kwa wakati mmoja, na baada ya muda mfupi hana ubaridi wala harufu. Wako wauonao upesi huo kuwa ni upungufu. Mimi nauona kuwa ndio chanzo cha adabu zote zilizoyazunguka marashi, kwa sababu kitu kinachotoweka upesi hakina budi kutolewa tena, na kila kikitolewa tena pana mtoaji na pana mpokeaji, na baina yao pana maneno mema.

Nchi iliyotajika mno kwa biashara hii katika zama za kale ni Fars ya Uajemi, na hasa mji wa Jur, ambao leo huitwa Firuzabad. Wanajiografia wa Kiarabu wa karne ya 10 waliyataja marashi yake kuwa yakisafirishwa mpaka nchi za Maghribi upande mmoja na Bara Hindi na Uchina upande wa pili. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake, amenakili orodha ya kodi zilizokuwa zikipelekwa Baghdad zama za khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hadi 833, na humo imeandikwa kuwa jimbo la Fars lilitoa, juu ya dirhamu zake milioni 27, chupa 30,000 za marashi ya mawaridi. Msomaji na aitafakari kodi hiyo: serikali iliyokuwa ikihesabu ngano na fedha na nguo ilihesabu pia harufu, tena kwa chupa, kama kitu ambacho ufalme hauwezi kuendeshwa bila ya kuwa nacho ghalani.

Elimu ya kuyakeneka marashi watu wengi huinasibisha na Ibn Sina, na jina lake lina haki ya heshima nyingi, ila hii si yake. Ibn Sina alizaliwa mwaka 980, na zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa kwake al-Kindi, mwanafalsafa wa Waarabu, alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya kemia ya uturi na ukenekaji, chenye mapishi 107 ya mafuta, malihamu na maji ya kunukia. Hata Wahindi, ambao itri yao ya waridi ilikuja kuwa maarufu duniani kote, wana habari yao iliyoandikwa: mfalme Jahangir, aliyeshika enzi ya Wamoghuli tangu 1605 hadi 1627, ameeleza katika kumbukumbu zake kuwa mama wa mkewe Nur Jahan, alipokuwa akitengeneza marashi, aliona utando wa mafuta juu ya vyombo vilivyotiwa marashi yenye moto, akaukusanya kidogo kidogo, na mfalme akaandika kuwa tone moja likisuguliwa kiganjani hulijaza baraza zima harufu ya mawaridi mengi yaliyochanua mara moja. Hayo ni mafuta, na mafuta ni mali ya kuhodhiwa. Maji yaliyobaki chini yake ndiyo yaliyokuwa ya kugawiwa watu.

Habari ya marashi katika pwani yetu imo katika safari ya Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, na haifai kupitwa haraka. Desturi ya mji ule ilikuwa chombo kikitia nanga, vijana hukiendea kwa mashua wakichukua vyakula vilivyofunikwa, na kila kijana humpa mfanyabiashara mmoja na kumwita mgeni wake. Lakini Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara bali fakihi, na wageni wa namna yake walipelekwa kwanza kwa sultani wa mji, ambaye watu walimwita Sheikh. Basi kadhi, mtu wa asili ya Misri, akamwongoza mpaka mlangoni. Mtumishi wa nyumba akaenda na kurudi na sahani ya tambuu na popoo, akampa mgeni majani kumi na popoo chache, akampa kadhi vivyo hivyo, na kilichobaki wakagawana wenziwe. Kisha akaleta chombo cha marashi ya Dameski, akammiminia mgeni na kadhi. Baada ya hapo ndipo iliponenwa amri kwamba mgeni apelekwe nyumba ya wanafunzi wa elimu akapate malazi, na chakula kikafuata.

Utaratibu huo nauona wa ajabu kwa wepesi wake. Sultani mwenyewe hakuwa ameonekana bado, wala mgeni hakuwa ameulizwa haja yake; lakini kinywa chake kilikwisha kupewa tambuu na mikono yake marashi, na kwa mambo hayo mawili alikwisha kutoka katika hali ya msafiri wa baharini, mwenye chumvi mwilini na uvundo wa ngama nguoni, akaingia katika hali ya mtu awezaye kukaa na watu. Tena marashi hayo hayakutoka karibu. Kutoka Dameski mpaka Mogadishu ni mwendo wa ngamia na wa bahari, na chupa moja ikivunjika njiani hasara yake haifidiwi. Wala hatuambiwi kuwa mtumishi aliyahesabu matone.

Chombo chenyewe kijulikanacho kwetu kwa jina la mrashi hakikubadilika sana tangu hapo. Tumbo lake ni la mviringo, limekaa juu ya kitako kidogo; shingo yake ni ndefu na nyembamba; kichwani kimefungwa kifuniko chenye matundu madogo kama yale ya kichwa cha mpopi. Mirashi ya fedha ilifuliwa na masonara wa Unguja, Lamu na Mombasa, na mingine ya shaba au ya kioo ilikuja na vyombo kutoka Bara Hindi na Uajemi. Haimiminwi, hutikiswa, na kuutikisa mrashi ni kazi yenye ufundi wake, kwani mtikiso wa nguvu humlowesha mgeni kanzu akafanana na aliyenyeshewa, na mtikiso dhaifu hutoa tone moja au mawili ambayo mgeni huyaona kuwa ni ubahili. Mchukuzi, ambaye mara nyingi ni kijana wa nyumba aliyevaa kofia safi na kuonywa mapema, huushika kwa mkono wa kulia, huanza na mkubwa wa baraza, kisha hufuata safu kwa upande wa kulia. Mgeni hukinga viganja, hupokea, hujipangusa uso na shingo na kifua cha kanzu, na hunena dua fupi. Kuutwaa mrashi mkononi mwa kijana na kujitilia mwenyewe ni kosa ambalo hakuna atakayelitaja mbele yako, na kila mmoja atalizungumza ukisha kuondoka.

Katika maulidi jambo hili huonekana kwa ukamilifu wake. Msomaji anapofika pahali pa kuzaliwa kwa Mtume, umati wote huinuka kwa kisimamo, na katika joto lile la watu waliobanana chini ya taa, wawili hupita katikati ya safu, mmoja na chetezo chenye makaa na udi, mwingine na mrashi. Mzito na mwepesi huenda sanjari: moshi hupanda na matone hushuka, na aliyekuwa akijipepea kwa ncha ya kilemba hupata nafuu ya ghafla ukosini. Harusini ni vivyo hivyo, na khitimani pia; hata kaburi jipya hunyunyiziwa marashi kabla ya watu kugeuka kurudi. Katika Omani na nchi za Ghuba adabu hii imepata maana ya zaidi, kwani chetezo kikisha kuzungushwa kikao kimekwisha, na mgeni aliyelelewa vizuri huomba ruhusa bila ya kungoja kukumbushwa.

Nimeitaja Omani, na haifai kupita bila ya kupanda Jabali Akhdhar, kwa kuwa watu waliotoka katika nchi ile kuja kukaa Unguja zama za Sultani Seyyid Said na wanawe hawakuyaacha nyuma mazoea ya marashi ya kwao. Huko juu, kwenye kimo cha mita zipatazo 2,000 juu ya bahari, ambako vijiji kama al-Aqr vimeng'ang'ania ukingo wa magenge na maji huja kwa mifereji iitwayo falaji, mawaridi huchanua tangu mwisho wa Machi hadi katikati ya Mei, yaani wakati uwanda wa chini wa Omani unapoanza kuungua. Maua huchumwa alfajiri, kabla ya jua kupata nguvu na kuinyang'anya petali harufu yake. Jiko ni ukuta wa udongo wenye matundu ya kukalia vyungu, na moto uko chini. Ndani ya chungu hutiwa petali, juu yake huwekwa bakuli la shaba, na juu ya yote kinywa hufunikwa kwa sufuria ya shaba iliyojaa maji baridi. Mvuke wa mawaridi hupanda, hukutana na kitako baridi cha sufuria, hugeuka maji na kudondoka katika bakuli; na kazi yote ya mkenekaji, mbali ya kuchochea moto, ni kuigusa ile sufuria ya juu na kuyabadili maji yake kila yanapopata moto. Kinachopatikana huachwa majuma kadhaa mitungini kitulie, kisha hutiwa chupani.

Marashi hayo si meupe. Yana rangi ya chai nyepesi na yananukia moshi, na aliyezoea marashi ya Uajemi yaliyo safi kama maji ya kisima huenda akayadhania kuwa yameungua. Watu wa Jabali hawakubali kusikia hivyo, nami niko upande wao: moshi ule huyapa marashi mwili, na katika kahawa na halua, ambazo zote mbili hutiwa marashi, ladha yake haina badala. Biriani ya kwetu pia hudai matone yake, pamoja na zafarani, mpishi anapofunika sufuria kwa mara ya mwisho.

Ndani ya nyumba, upande wa wanawake, mambo yalikuwa mapana zaidi, wala siwezi kujidai kuyajua yote. Huko sheria ya barazani ililegea: marashi yaliingia katika singo, ule mchanganyiko wa liwa, karafuu na maua ambao bibi harusi husingwa nao mpaka ngozi ikang'ara, ingawa hata hapo, tazama, bibi harusi hajisingi, husingwa. Wakati wa joto maua mabichi yalishinda yote. Asumini, rehani, mkadi na mawaridi vilishonwa pamoja kuwa kikuba, kikavaliwa kifuani chini ya kanga, ambamo joto la mwili lenyewe lilifanya kazi ya makaa. Na kikuba kikinyauka asubuhi hutupwa, kingine hushonwa jioni. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa katika kasri la Bet il-Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kitabu chake kilichotoka Berlin mwaka 1886 jinsi nguo za mabibi wa kasri zilivyokuwa zikitandazwa maua ya asumini na ya mchungwa usiku kucha, kisha zikafukizwa ambari na miski kabla ya kuvaliwa: kwanza jepesi, kisha zito, na hakuna hata moja katika hayo alilolifanya mwenye nguo kwa mkono wake.

Bibi huyo mwaka 1867 alihamia Hamburg pamoja na mumewe Mjerumani, akawa katika nchi ambayo manukato ya wakati wa joto yalikwisha kuwa na tarehe nyingine kabisa. Katika mji wa Cologne, ukingoni mwa mto Rhine, ukoo wa Farina kutoka milima ya kaskazini ya Italia ulifungua biashara mwaka 1709, na mmoja wao, Johann Maria Farina, aliyezaliwa mwaka 1685, alitengeneza maji ya kunukia ambayo, kwa maneno aliyomwandikia nduguye, yalimkumbusha asubuhi ya masika ya Italia baada ya mvua. Aliyachanganya mafuta ya maganda ya limau, chungwa na bergamoti na ya maua ya mchungwa katika spiriti safi ya zabibu; na kwa kuwa spiriti huruka upesi kuliko maji, na mafuta ya jamii ya malimau huruka upesi kuliko mafuta mengi mengine, tabia yake ilikuwa ile ile ya marashi, ila kwa haraka zaidi: ubaridi, harufu, kisha basi.

Hapo kwanza maji hayo yalikuwa dawa. Watu waliyanywa kwa tumbo na kwa moyo, waliyasugua kwa kichwa, na wauzaji waliyasifia kwa karibu kila maradhi. Mwaka 1810 Napoleon, ambaye mwenyewe aliyatumia kwa wingi usio na mfano, alitoa amri kwamba wenye dawa za siri waifichue serikalini siri ya michanganyiko yake. Na watengenezaji, waliokuwa tayari kuacha sifa ya uganga kuliko kuacha siri ya biashara, wakaanza kuyauza kuwa ni manukato tu. Ndivyo maji ya Cologne yalivyoacha kunywewa, si kwa ushauri wa tabibu yeyote. Magomvi ya jina yalikuwa marefu zaidi: Wilhelm Mülhens alinunua haki ya kutumia jina la Farina mwaka 1803 kutoka kwa mtu aliyekuwa na jina hilo na hana nasaba na kiwanda, akawauzia wengine haki hiyo hiyo, hata mji ukajaa akina Farina wasiojuana, na kesi zilipowaelemea warithi wake, mwaka 1881 waliamua kuitumia nambari ya nyumba yao, 4711, kuwa ndiyo jina.

Lakini ninalotaka lionekane ni lile la mkono. Kwa Napoleon zilitengenezwa chupa nyembamba ndefu, za kuweza kuchomekwa ndani ya kiatu chake cha kupandia farasi, ili apate kujimiminia mwenyewe vitani au njiani, wakati wowote apendao. Hapana mwenye nyumba hapo, hapana mgeni, hapana kijana wa kutikisa. Manukato mepesi yamekuwa mali ya mtu mmoja, yako mfukoni mwake, na burudisho lake halingojei idhini ya baraza. Ni faraja kubwa, nakiri. Ila ni faraja ya namna nyingine.

Waturuki waliyapokea maji hayo kwa hila nzuri. Yalipoingia Istanbul katika karne ya 19, na Ahmed Faruki alipoanza kuyatengeneza huko huko mwaka 1882, yalishika nafasi ya marashi ya mawaridi bila ya kuivunja desturi: mwenye nyumba bado humiminia viganja vya mgeni, na hata katika mabasi ya safari ndefu mtumishi alipita kiti kwa kiti na chupa ya maji ya limau. Kimiminika kilibadilika, mkono ukabaki.

Kwetu mambo hayakunyooka hivyo, kwa sababu ya spiriti. Chupa za Ulaya zilipoenea madukani, wanazuoni walihitilafiana: wapo waliosema kuwa spiriti ni katika jinsi ya vileo, basi ni najisi na nguo iliyotiwa haisihi kusalia, na wapo waliosema kuwa kinachopakwa na kuruka si kinachonywewa na kulevya, na kwamba hukumu hufuata sababu yake. Watu walichagua kwa kadiri ya masheikh wao. Mrashi haukuwamo katika kesi hiyo, kwa kuwa ndani yake mna maji na waridi tu, nao ukaendelea kupita katika safu kama ulivyopita. Siku hizi kijana wa mjini hujipulizia nyumbani kwake manukato ya chupa yenye ndimu na nanaa, kisha huenda maulidini akafukizwa udi na kunyunyiziwa mawaridi juu yake, na mchanganyiko huo, kwa pua yangu, si mzuri hata kidogo. Lakini sijapata kumwona aliyeukunja mkono wake mrashi ulipomfikia.